Barua Isiyofaa Kusomwa Alhamisi

4 Februari

Kwa Bosi wangu, kifungua mimba wangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Goti la baba yako ni lilelile: akikaa ni zima, akitumwa dukani linauma. Kuku ametotoa vifaranga tisa, mwewe kachukua mmoja, wamebaki wanane wenye adabu. Dada yako anakusalimu, anasema wakubwa wasisahau wadogo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Barua yako ilifika Jumatano, nikailaza chini ya mto bila kuifungua mpaka Alhamisi. Unaujua utaratibu wangu. Akina mama wakishakusanyika pale kanisani, maombi yakishapita, chai ikishamiminwa, ndipo mimi mwenyekiti wao nachukua kisu cha mkate, nachana bahasha mbele ya macho yao, nasoma kwa sauti. Barua haijaguswa na jicho la mtu, hata langu. Watu wanapenda kitu cha moto. Ndiyo maana nakukataza kunipigia simu. Simu utawasomeaje watu ishirini na wawili?

Basi nilipofika pale uliposema, "Mama, nimefanywa msimamizi," kigelegele nilikipiga mwenyewe, sikungoja mtu. Karatasi ikaingia kwenye chai, ndiyo hilo doa ukija utaliona. Mama Miwani, katibu wangu, akauliza, "Msimamizi wa nini?" Yule naye! Tangu mwanawe awe mkurugenzi anadhani vyeo vimeisha duniani. Nikamjibu, "Wa hospitali." Akasema, "Hospitali nzima?" Nikamwambia, "Wewe uliona wapi hospitali nusu?" Walicheka mpaka mchungaji akachungulia dirishani.

Kwa hiyo nijibu upesi. Una watu wangapi chini yako? Ofisi unayo? Kiti chako kinazunguka? Ukiingia wanasimama? Andika yote, usione haya, mimi ndiye niliyekuzaa.

Ibada ya shukrani nimeshaipanga, Jumapili ya mwisho ya Agosti. Utakaa mbele. Fundi cherehani nimempa vipimo vyako vya zamani akushonee suti, nikamwambia aongeze tumbo, maana bosi bila tumbo watu hawamwamini.

Ni mimi mama yako, niliyeishia darasa la nne nikazaa msimamizi,
Mwenyekiti.


26 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yake. Mwambie goti alifunge kitambaa cha moto jioni. Mimi mzima.

Mama, mimi si msimamizi wa hospitali. Ni msimamizi wa chumba cha kufulia. Tunafua mashuka, foronya, mapazia na nguo za chumba cha upasuaji. Watu wangu ni kumi na wanne. Hawasimami nikiingia kwa sababu huwa wamesimama tayari, kazi yenyewe ni ya kusimama. Ofisi ni kijumba kati ya mashine za kukaushia na stoo, kina joto. Kiti kipo, hakizunguki. Mguu wake mmoja ni mbovu, nimeuwekea tofali.

Nisingekuwa hapa bila mama mmoja tunayemwita Bibi Mvuke. Ana miaka thelathini kwenye mashine. Ndiye aliyenifundisha kujua maji kwa sauti, bila kutazama saa. Ananiita mwanangu. Tunasali kanisa moja, yeye benchi la mbele yangu. Mwezi wa kumi na mbili anastaafu.

Suti usishone, Mama. Huku jasho.

Mwanao.


15 Machi

Bosi wangu,

Salamu zako zimefika na goti limefungwa kitambaa. Baba yako anasema sasa linauma na kuungua. Vifaranga wamebaki saba. Wa nane sisemi, alikuja mgeni.

Barua yako tumeisoma, nzuri sana. Palepale pa tofali niliruka kidogo. Na hapo pa chumba cha kufulia Mama Miwani akakohoa. Nikamuuliza, "Katibu, hicho chumba kiko ndani ya hospitali au nje?" Akasema ndani. "Na daktari anapasua akiwa uchi?" Akarudi kwenye chai yake. Hospitali bila nguo safi ni machinjio, mwanangu, usijishushe.

Ila kuna jambo halikunipendeza. Huyo Bibi wa mvuke kukuita mwanangu kazini. Kanisani sawa, nyumbani sawa. Kazini hapana. Uongozi ni kama yai, ukilishika kwa kulegea linaanguka. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kiti hiki na hakuna anayeniita shoga mbele ya kikundi, hata niliyecheza naye kombolela. Mwambie akuite Msimamizi, na umwambie mbele ya wenzake, ili uwafundishe kumi na wanne kupitia mmoja. Mara moja tu inatosha.

Mwanangu ni mimi peke yangu nakuita. Nina hati.

Mama yako,
Mwenyekiti.


2 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na kuku.

Nimechelewa kuandika, kazi zilikuwa nyingi. Tulipata wageni tarehe kumi na tisa mwezi uliopita, kamati ya ukaguzi, wakasifu rafu zetu.

Nilifanya ulivyoniambia. Sasa ananiita Msimamizi.

Mimi mzima.

Mwanao.


20 Mei

Bosi wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Dada yako amepata kazi ya kuuza vitambaa, mdomo wake umepata pa kufanyia kazi hatimaye.

Hiyo ndiyo barua ya kumwandikia mama? Fupi kama mkia wa mbuzi! Nilichana bahasha kwa mbwembwe, nikasafisha koo, nikasoma, na kabla chai haijapoa nikawa nimemaliza. Akina mama wakanitazama. Ikabidi nikae kwenye hao wageni nusu saa. Nikaeleza kamati ilikuja na magari mangapi. Nilisema manne. Kama yalikuwa matatu nisamehe.

Lakini nakujua. Ulipovunja dirisha la shule uliingia ndani, ukasema "mimi mzima", ukala ukalala. Sikuwa nimekuuliza kama u mzima. Una nini? Unaumwa? Kuna mtu anakuonea kijicho? Nitajie jina nimpeleke kwenye maombi ya kufunga.

Andika ndefu. Suti imefika kwenye vifungo.

Mama yako,
Mwenyekiti.


11 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo wewe na baba. Mpongeze dada kwa kazi. Huku mvua zimekatika, mashuka tunaanika nje tukiokoa umeme.

Mama, nakuomba barua hii isisomwe Alhamisi.

Umeniuliza nina nini. Nguo za chumba cha upasuaji hufuliwa kwa maji ya moto kwa muda wa saa moja na robo. Haupungui hata dakika moja, maana ndizo zinazogusa mtu akiwa amefunguliwa tumbo. Siku wageni walipokuja rafu zilikuwa tupu, tulikuwa nyuma ya kazi kwa sababu yangu, nilipanga zamu vibaya. Mashine kubwa ilikuwa imeenda dakika arobaini. Nikamwambia Bibi Mvuke afungue, tukaushe, tupange rafuni wageni waone zimejaa. Akasema, "Mwanangu, bado. Sikiliza, maji hayajabadilika sauti."

Nilimwambia mbele ya wote kumi na wanne kwamba mimi si mwanawe. Nikasema, "Hapa mimi ni Msimamizi. Fungua."

Akasema, "Sawa, Msimamizi." Akafungua. Kwa sheria yetu anayefungua mashine ndiye anayeandika jina kwenye daftari la zamu. Akaandika.

Wageni wakasifu rafu. Kesho yake asubuhi muuguzi wa upasuaji akakunjua kitambaa akakuta damu ya mtu mwingine haijatoka. Alirudisha mzigo wote. Watu saba waliokuwa wamefunga kula tangu jana yake wakarudishwa wodini bila kupasuliwa. Nashukuru Mungu hakufa mtu. Mmoja alikuwa mtoto, alilia njaa, nilimsikia kutoka koridoni.

Matroni akaja na daftari. Akauliza nani alifungua. Jina lilikuwa pale. Mimi nilikuwa nimesimama pale pia, Mama, na nikajaza maji kinywani. Bibi Mvuke alinitazama mara moja tu, kisha akatazama mashine. Amesimamishwa kazi, yuko nyumbani. Kikao cha kuamua mambo yake kitakuwa Agosti. Akifukuzwa, kiinua mgongo chote cha miaka thelathini kinaenda na maji, ikiwa imebaki miezi michache astaafu.

Jumapili bado anakaa benchi la mbele yangu. Anaimba vilevile.

Nifanye nini?

Mwanao.


30 Juni

Bosi wangu,

Salamu. Goti la baba yako limepata nafuu. Vifaranga sasa ni majogoo wawili na matetea, majogoo wanapigana. Mchungaji amepaka kanisa rangi, nyeupe juu, kahawia chini, imependeza.

Barua yako imefika.

Kwa hilo uliloniuliza, mimi naona unyamaze. Si kila kitu kinasemwa. Ungama kwa Mungu, Mungu anasikia hata ya chumbani. Huyo mama ni mtu mzima, amevumilia mengi. Kikao huenda kikamwonea huruma, miaka thelathini si mchezo. Wewe ukisema utashushwa, na ukishushwa utamsaidiaje? Akija kustaafu mtume zawadi, tena nzuri. Hata mimi nitachangia kitenge.

Tena shukrani imeshatangazwa. Mchungaji ameitangaza mara mbili. Viti vimepangwa. Suti inaning'inia hapa ukutani inanitazama.

Usiandike tena mambo haya. Andika habari za kawaida.

Mama yako,
Mwenyekiti.


14 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi goti la baba.

Nilikwenda nyumbani kwa Bibi Mvuke Jumamosi. Chumba kimoja, kitanda, jiko, na mashuka meupe yamekunjwa pembe kwa pembe kama ya wodini. Alinikaribisha chai. Nilikaa saa nzima nikizungumza habari za mvua. Aliuliza hali yako, anakujua kwa jina la Mwenyekiti, mimi nilimsimulia zamani. Nilipoaga nikamuuliza kwa nini hakujitetea siku ile. Akasema, "Uliniambia nifungue, nikafungua. Nitajitetea kwa lipi? Mwenye mdomo wa kusema hilo ni wewe." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anasuuza kikombe changu.

Kikao ni tarehe tisa Agosti.

Mama, nakuuliza swali moja. Ile barua uliisoma Alhamisi?

Mwanao.


28 Julai

Mwanangu,

Hii nimeituma kwa mkono wa dereva wa basi ili ikufikie kabla ya tarehe tisa. Ukichelewa kuipata, nitamlaani yeye, si wewe. Hatujambo wote, salamu zitafuata, leo sina muda wa kuku.

Ndiyo. Niliisoma.

Nilichana bahasha mbele yao kama kawaida. Nikasoma shikamoo, nikasoma mashuka ya kuanika, nikafika kwenye "isisomwe Alhamisi", nikayasoma na hayo kwa sauti! Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwanao ana haya, soma!" Nami nikajibu kwa maringo, "Ndivyo nilivyomlea, hapendi kusifiwa." Nikaendelea. Nilidhani umepanda tena cheo na unaogopa husuda. Nisamehe. Kichwa changu hakikuwa na pa kuweka kitu kingine.

Nilipofika kwenye mashine na dakika arobaini sikuelewa, nikasoma tu. Nilipofika pale umemwambia si mwanawe, nikashika kikombe. Nikanywa chai. Jicho likatangulia likashuka mpaka chini ya karatasi, likaona yote.

Basi unajua nilifanya nini? Nilisoma yasiyoandikwa. Nikasema wageni walikusifu, mkuu wa hospitali akakushika mkono, ukapewa cheti chenye mhuri mwekundu. Kisha nikageuza karatasi kana kwamba mengine yako nyuma, nikaendelea kusoma. Nyuma palikuwa peupe. Na Mama Miwani hukaa mkono wangu wa kulia.

Aliuona ule weupe, na mimi nikamwona akiuona. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akasema, "Tumshukuru Mungu." Basi.

Wiki tano, mwanangu, nimengoja anitangaze. Angenisema ningepata la kumjibu, unanijua. Hakusema neno. Kila Alhamisi ananimiminia chai kama kawaida, sukari mbili. Hivi ndivyo huyo Bibi wako anavyokufanya, eti? Anaimba tu benchi la mbele. Heri kofi.

Nikakuandikia unyamaze. Nilikuwa nanyamaza mwenyewe, nikatafuta mwenzangu.

Halafu ikaja barua yako. Hii nilifungua nyumbani, jikoni, peke yangu, mara ya kwanza. Nikaliona lile swali. Nikakumbuka na jambo jingine, kwamba ile "Mimi ni Msimamizi" hukuitunga wewe. Nilikuandikia mimi. Nikasema mara moja tu inatosha, na kweli ilitosha.

Mwanangu, hadithi ya Bwana kuvua joho, kujifunga kitambaa na kuinama na beseni, mimi nimeifundisha kwenye kikundi mara ngapi? Naijua kuliko mchungaji. Natoa mpaka machozi. Na kila nikimaliza nasema, "Amina, haya, nani leo anaosha vikombe?" Miaka kumi na moja sijawahi kusema ni mimi.

Jana Alhamisi nilisimama. Nikawaambia ile barua nitaisoma upya. Nikaisoma yote, na daftari, na mtoto aliyelia njaa, mpaka "Nifanye nini". Nikawaonyesha na ule upande mweupe. Nikasema cheti hakuna, mhuri mwekundu nimeutengeneza mimi, na magari manne sijui hata kama yalikuwa mawili. Mwanangu ameficha kosa na mama yake amelifunika kwa uongo mbele ya meza ya Bwana. Nikakaa.

Mmoja aliguna, jina lake nimeliweka. Kisha Mama Miwani akasema, "Mwenyekiti, tumuombee kijana, kikao lini?" Nikasema tarehe tisa. Wakaomba. Walipomaliza nikainuka nikakusanya vikombe.

Kwa hiyo sikia. Usinisikilize mimi wa mwezi wa sita, nisikilize mimi wa leo. Nenda kaseme. Usiseme "kulitokea makosa", watu wazima wanajua hiyo lugha. Sema "nilimwamuru". Ukishushwa, shuka. Mlangoni kwetu huulizwi cheo.

Ni mimi mama yako.


12 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia tarehe saba. Dereva alinitafuta mpaka kazini, akasema mama yangu amemtisha.

Nilisema.

Walikuwa watano mezani. Bibi Mvuke alikaa pembeni, begi lake miguuni. Daftari lilikuwa limefunguliwa kwenye jina lake. Nikasema, "Jina ni lake, amri ilikuwa yangu. Alinikataza nikamwamuru mbele ya watu." Matroni akauliza nani mwingine anajua. Nikasema wote kumi na wanne. Hapo nikaona aibu kuliko pote, Mama. Karibu miezi minne nimekuwa nikiwapangia zamu watu wanaojua.

Akauliza, "Mbona hukusema?"

Nikasema niliogopa kupoteza kiti. Akauliza, "Kiti gani?" Nikakumbuka kile cha tofali.

Bibi Mvuke amerudishwa kazini siku ileile, na siku alizokaa nyumbani zimehesabiwa kama za kazi. Mimi usimamizi nimevuliwa, nimepewa onyo la maandishi, nimepelekwa kwenye meza ya kukunjia. Wamemkabidhi yeye chumba mpaka astaafu. Alikataa ofisi. Anasema ina joto la bure. Mapipa ya sabuni tumeyahamishia humo.

Jana alikosa mtu wa kukunja naye mashuka makubwa. Unajua shuka la wodini hukunjwa na wawili, kila mmoja ana pembe zake, mnanyoosha, kisha mnatembea mpaka mnakutana katikati na mmoja anamkabidhi mwenzake. Tulikunja kama themanini bila kusema. Kwenye shuka la mwisho akasema, "Vuta, mwanangu, umelegeza."

Sina la kushukuriwa Agosti. Mwombe radhi mchungaji. Hii unaweza kuisoma Alhamisi.

Mwanao.


1 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo kabisa. Goti la baba yako limepona, kwa hiyo sasa anaumwa mgongo. Jogoo mmoja tumemla, amani imerudi uani. Dada yako amemuuzia mke wa mchungaji kitambaa cha pazia akamshawishi kuwa ni cha gauni.

Barua yako ilifika kabla ya ile Jumapili ya shukrani, nikaifungua jikoni; kwenye kikundi imesomwa jana. Sikusoma mimi, kasoma Mama Miwani. Mwezi uliopita, wiki moja baada ya ile Alhamisi, niliwaambia kiti wachague upya. Walinibembeleza, sikatai, walinibembeleza sana, wawili walilia, lakini nikasema hapana. Wamemweka yeye. Sikukuandikia wakati ule maana ulikuwa na kikao chako, na kikao kimoja kwa familia moja kinatosha. Uenyekiti wake si mbaya, anafika mapema. Ila kusoma hajui! Anameza maneno. Pale pa "Vuta, mwanangu" alipita kama anasoma orodha ya sokoni. Nilikuwa nyuma nasuuza vikombe, nikapaza sauti, "Rudia hapo!" Akarudia. Akina mama wakapangusa macho, na mimi nikasingizia sabuni.

Shukrani nimeifanya. Unaniambia huna la kushukuriwa, nani kakuuliza? Viti vilishapangwa. Nilisimama Jumapili, nikasema, "Mwanangu alipandishwa cheo, mkapiga makofi. Sasa ameshushwa kwa kusema kweli, naomba makofi yaleyale." Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Baba yako akaanza kupiga peke yake, unajua mikono yake ya uashi, ikasikika mpaka barabarani. Kisha wakafuata. Alikuwa amevaa suti yako. Tumbo limemkaa sawasawa, fundi hakukosea, alikosea mtu tu.

Nje baada ya ibada Mama Miwani akaniambia, "Hongera." Nikamwambia, "Mwanao ni mkurugenzi, sawa, lakini ameshawahi kushushwa hata mara moja?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi upya Jumamosi kwa ajili ya shukrani, kiganja chake kipo pale mpaka leo, kwenye kahawia. Mungu anisamehe, nimeanza tena. Lakini nitajisifia nini, mwanangu, kama si hili?

Msalimie sana Bibi Mvuke. Mwambie mama yako anamwomba radhi, ile ya Msimamizi ilitoka huku kwetu jikoni, si kwako. Kitenge kiko ndani ya kifurushi hiki, si cha zawadi ya kustaafu, ni cha kuombea radhi. Cha kustaafu nitaleta mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, nije nimwone na hiyo meza ya kukunjia niione. Nifundisheni, nami nishike pembe zangu.

Mwambie akuite mwanangu, kazini, kanisani, popote, mimi nimeruhusu.

Ila hati ninayo mimi.

Mama yako.